Mabadiliko haya yamelipiwa na nani? Maoni yangu kuhusu riwaya za kisasa na za kutia moyo

Riwaya za kisasa na riwaya za kutia moyo huwekwa rafu moja, na mara nyingi ndipo zinapostahili kukaa. Riwaya ya kisasa husimulia maisha ya wakati ule ule inapoandikwa: watu wana simu, wanaachishwa kazi, wanalea watoto peke yao, wanauguza wazazi. Riwaya ya kutia moyo huweza kuwa hivyo hivyo, ila inampa msomaji ahadi ya ziada. Inamwahidi kwamba mtu aliyeanza akiwa chini atainuka, na kwamba wewe unayesoma utakifunga kitabu ukiwa na nguvu zaidi kuliko ulipokifungua. Tatizo ni kwamba ahadi hiyo ni rahisi mno kutimizwa kwa njia ya mkato. Mwandishi anaweza kumwinua mhusika wake kwa sentensi moja tu. Kwa hiyo swali ninaloiuliza kila riwaya ya aina hii ni hili: mabadiliko haya yamelipiwa na nani, na kwa kitu gani?

Malipo si lazima yawe fedha. Mhusika anaweza kulipa kwa fahari yake, kwa urafiki uliovunjika, kwa miaka isiyorudi, kwa kukiri mbele ya mtoto wake mwenyewe kwamba alikosa. Lakini lazima kitu kimtoke mikononi, na msomaji akione kikimtoka. Mlevi anayeamka asubuhi akiwa ameacha pombe kwa sababu jana yake aliambiwa neno zuri hajalipa chochote. Kwenye maisha watu huacha pombe kila siku, hilo tunalijua, ila kwenye ukurasa hatumwamini kwa sababu hatukuona usiku wake wa kwanza bila chupa.

Chukua mfano wa mwanamke aliyeelemewa na deni. Siku anapomaliza kulipa, riwaya dhaifu itaandika: "Moyo wake ulijaa amani. Alitambua kwamba hakuna giza lisilo na mwisho." Basi, sura imekwisha. Riwaya imara itamfuata hadi wiki ya pili. Anatembea zake, analiona duka la yule aliyemdai, na miguu yake inavuka barabara kwenda upande wa pili kama ilivyozoea miezi yote ile. Akishafika ng'ambo ndipo anakumbuka kwamba hadaiwi. Anasimama, anavuka tena, anapita mbele ya duka lile taratibu, na mwenye duka anahesabu chenji bila hata kuinua kichwa. Hakuna aliyetaja amani wala giza. Lakini tumeelewa deni lilimfanya nini, tumeelewa kwamba mwili huchelewa kupata habari ambazo akili inazo tayari, na tumeona pia kwamba aibu iliyomtesa muda wote huo huenda haikuwahi kumshughulisha mtu mwingine yeyote. Mwandishi anayeweza kuandika tukio kama hilo ninampa kurasa mia nyingine bila kuuliza.

Ndiyo maana nina kipimo ninachokiita sentensi za ukutani. Ni zile sentensi ambazo zinaweza kukatwa zilivyo, zikabandikwa juu ya picha ya machweo na kusambazwa kwenye simu. Si dhambi kuwa nazo. Riwaya ya kurasa 300 inaweza kubeba tano au sita, hasa zikitoka kinywani mwa mtu mwenye sababu ya kuzisema na pengine anayekosea. Hatari ni pale zinapokuwa mstari wa mwisho wa kila sura. Kabla ya kuchukua kitabu, fungua sura tano zinazofuatana, usome mstari wa mwisho wa kila moja. Nne kati ya tano zikiwa ni mafunzo, mwandishi hayaamini matukio yake mwenyewe, na wewe utachoka kabla ya nusu ya kitabu.

Halafu kuna mshauri. Karibu kila riwaya ya kutia moyo ina mzee mwenye hekima: mlinzi wa usiku, bibi jirani, mwalimu mstaafu, mgonjwa wa kitanda cha pili. Kasoro yake kubwa ni kwamba hana haja yoyote. Yuko pale tu kusubiri maswali. Anaongea kwa mafumbo, anacheka kidogo, anatazama mbali. Ikifika theluthi ya mwisho ya kitabu anakufa, na kifo chake kinakuwa ndicho kinachomsukuma mhusika mkuu kuchukua hatua. Jiulize: siku ile ya mazungumzo, mzee huyu alikuwa anataka nini kwa ajili yake mwenyewe? Goti lilikuwa linamuuma? Alikuwa anatafuta wa kumbebea gunia? Alimwonea kijana wivu kidogo? Mshauri mwenye shida zake huaminika, na ushauri wake huwa mtamu zaidi kwa kuwa unaweza kuwa na makosa.

Fredrik Backman, mwandishi wa Uswidi, alilishughulikia jambo hili vizuri sana mwaka 2012 katika riwaya yake kuhusu Ove, mjane wa miaka 59 mwenye hasira, aliyeondolewa kazini na asiyeona tena sababu ya kuishi. Majirani hawamwendei na mawaidha. Wanamwendea na kazi. Mmoja hajui kurudisha gari nyuma likiwa na tela, mwingine ana hita iliyoharibika, mwingine anataka kufundishwa kuendesha gari. Kila mara Ove analalamika, na kila mara anachukua vifaa vyake na kwenda. Ni mtu ambaye hawezi kuvumilia kitu kifanywe vibaya, na tabia hiyo hiyo iliyokuwa inawakera watu ndiyo inayomrudisha miongoni mwao. Hapo mabadiliko yamelipiwa kwa jasho, na hayakuhitaji hotuba. Kama unataka kumwonyesha mtu riwaya ya kutia moyo inavyoweza kufanya kazi bila kuhubiri, hiyo ni pa kuanzia pazuri, ingawa ifahamike mapema kwamba inazungumzia kujiua waziwazi.

Jambo jingine ninaloliangalia ni pesa. Riwaya nyingi za kisasa humtoa mhusika kwenye kazi asiyoipenda sura ya tatu, kisha zinamwacha azunguke miezi minane akijitafuta, anakunywa kahawa, anaandika kwenye daftari, anakodi chumba chenye dirisha la kuelekea bahari. Kodi ya chumba hicho inatoka wapi? Swali hili si la ubahili wa msomaji. Mtu anayejitafuta huku akiba yake inapungua hufanya maamuzi tofauti na mtu ambaye akiba yake haiguswi na mwandishi. Kufikia mwezi wa nne atauza kitu, atakopa kwa ndugu asiyependa kumwomba, atakubali kazi ya chini ya ile aliyoiacha. Huko ndiko hadithi iliko. Mwandishi akikwepa, mara nyingi hukwepa kwa urithi: shangazi asiyetajwa kabla anafariki na kuacha nyumba. Nikikutana na urithi wa namna hiyo kabla ya ukurasa wa 50 naukubali, kwa sababu ni mwanzo wa hadithi. Ukija ukurasa wa 250, umekuja kuziba pengo.

Kanuni hiyo inahusu sadfa zote. Sadfa inayomwingiza mhusika kwenye shida inakubalika, kwa sababu shida huja zenyewe. Sadfa inayomtoa kwenye shida ndiyo inayoua kitabu: daktari bingwa aliyekaa kiti cha jirani kwenye basi, barua iliyopotea miaka ishirini ikapatikana asubuhi ya kesi, tajiri aliyesikia kwa bahati mwimbaji akiimba dirishani.

Ugonjwa nao hutumiwa vibaya mno. Kuna riwaya ambamo mtoto anaugua ili baba ajifunze kuthamini familia, na baba akishajifunza mtoto anapona, au anakufa kwa utulivu akiwa amesema neno la busara kupita umri wake. Mtoto huyo hakuwa mtu kwenye kitabu. Utamtambua mwandishi makini kwa mambo madogo: mgonjwa anakasirika, anachoshwa na wageni, anataka kuangalia mpira badala ya kuzungumzia maisha, na anayemuuguza ana siku anatamani yaishe, kisha anajichukia kwa kutamani hivyo. Riwaya isiyothubutu kuandika siku hiyo haimfai mtu ambaye amewahi kuuguza.

Lazima nitenganishe hapa riwaya ya uhalisia na hadithi ya kifumbo, kwa sababu wasomaji wengi hukasirikia kitabu kwa kukidai kitu ambacho hakikuahidi. Paulo Coelho, mwandishi wa Brazili, alipochapisha mwaka 1988 hadithi ya Santiago, mchungaji wa kondoo wa Hispania anayefuata ndoto ya hazina kwenye piramidi za Misri, aliandika ngano. Ngano hairuhusu kuulizwa maswali ya kodi na bili. Hata hivyo, sehemu ninayoiona bora kwenye kitabu kile ni ile isiyonukuliwa sana: Santiago ameibiwa kila kitu, na anafanya kazi karibu mwaka mzima kwenye duka la vyombo vya kioo, akisafisha glasi na kubuni namna ya kuongeza wateja. Mwenye duka ana ndoto yake ya kwenda Makka na anaogopa kuitimiza, maana ikitimia hatabaki na kitu cha kumwamsha asubuhi. Mtu huyo mmoja ana uzito kuliko mafumbo mengi yanayofuata jangwani, kwa kuwa tunamwona akilipia uchaguzi wake kila siku anayofungua duka.

Kiswahili kina mizizi mirefu kwenye hadithi za namna hii. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina yanayotangaza tabia zao: katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Majivuno, na msomaji anajua asimame upande gani kabla kesi haijaanza. Msomaji wa leo aliyezoea wahusika wenye rangi mbili anaweza kuona ni rahisi mno. Nadhani anakosea pa kutazama. Katika vitabu vile taharuki haiko kwenye swali la nani mwema. Iko kwenye hoja: je, mwema ataweza kujieleza mbele ya wenye nguvu wasiotaka kumsikia? Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, iko karibu zaidi na ladha ya riwaya za kutia moyo za sasa: mtu anaacha kazi yenye mshahara na kwenda kulima kijijini. Isome polepole, kurasa kumi au kumi na tano kwa mkao mmoja. Lugha yake imebebana, na ukiikimbiza utaona mawaidha tu.

Sasa kuhusu kukichunguza kitabu kabla ya kukichukua. Dakika kumi zinatosha. Usianze na maelezo ya nyuma ya jalada, kwani hayo huandikwa na watu wa mauzo na hufanana kwa vitabu vyote. Anza na ukurasa wa kwanza, uangalie kama kuna mtu anayefanya kitu, au kuna hali ya hewa na kumbukumbu tu. Kisha ruka hadi robo tatu ya kitabu. Riwaya nyingi za kisasa zina maneno kati ya 70,000 na 100,000, yaani takriban kurasa 250 hadi 350, na pale kwenye robo tatu ndipo mhusika huanguka vibaya kabla ya kuinuka. Kwenye kitabu cha kurasa 300, hapo ni kama kurasa 210 hadi 230. Soma tatu kati ya hizo. Ukiona anguko limetokana na uamuzi wake mwenyewe, au na tabia ile ile aliyokuwa nayo tangu mwanzo, chukua kitabu. Ukiona ni ajali ya gari iliyotokea kwa kuwa wakati wa kuanguka umefika, kirudishe. Mwisho tafuta ukurasa wenye mazungumzo mengi, uyasome ukiwa umefunika majina. Kama huwezi kujua nani anasema, wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi.

Ndiyo, utakuwa umejionjesha sehemu ya hadithi. Kwenye riwaya ya upelelezi nisingeshauri hivyo. Kwenye riwaya ya kutia moyo mwisho unajulikana tangu kwenye jalada, na utamu uko njiani.

Tazama pia sura ya nyongeza ya "miaka mitano baadaye". Wahariri wengi huipenda, na wasomaji wengi pia, lakini mara nyingi huharibu kilichojengwa. Biashara imestawi, watoto wawili, aliyemtesa ameomba radhi. Kama sura ya mwisho yenyewe ilimwacha mhusika mahali pazuri, nyongeza hiyo haina kazi. Unaruhusiwa kuiacha bila kusoma, na sisemi kwa utani.

Riwaya za imani zinahitaji neno lake. Marekani kuna tawi zima la riwaya za Kikristo lenye wachapishaji na rafu zake, na riwaya ya kwanza ya Janette Oke, ya mwaka 1979, huhesabiwa miongoni mwa zilizofungua soko hilo. Sheria zake zinajulikana: hakuna matusi, mlango wa chumba cha kulala hufungwa kabla ya msomaji kuingia, na imani ya mhusika lazima iwe sehemu ya hadithi yenyewe, isiwe pambo. Francine Rivers alitoa moja ya riwaya zake maarufu mwaka 1991 kwa wasomaji wa kawaida, kisha ikarekebishwa na kutolewa upya mwaka 1997 kwa soko la Kikristo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu kitabu kimoja huku kila mmoja amesoma maandishi tofauti. Angalia mwaka wa toleo kwenye ukurasa wa hakimiliki kabla ya kubishana.

Sina tatizo na imani kwenye riwaya, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu au nyingineyo. Tatizo langu ni dua inayojibiwa kwenye ukurasa unaofuata. Waumini wenyewe hawaishi hivyo. Wanaomba, wananyamaziwa, wanaendelea kuomba huku wakiosha vyombo, wakati mwingine wanapata kitu kingine kabisa ambacho hawakukiomba na inawachukua miaka kukipokea. Mwandishi anayemwacha mhusika wake angoje sura sita ameiheshimu imani kuliko yule anayeleta jibu haraka ili msomaji asikate tamaa.

Kwa hadithi zinazotolewa kipande kwa kipande kwenye simu, badilisha matarajio. Kila kipande kina maneno elfu moja au mbili na lazima kiishie kwenye taharuki ili urudi kesho, kwa hiyo kutakuwa na marudio, na mabadiliko ya mhusika yatakwenda mbele na kurudi nyuma. Ni bora uache vipande ishirini vijikusanye, uvisome kwa mkupuo.

Ukisoma tafsiri, tafuta jina la mfasiri kwenye kurasa za mwanzo, na kama limeandikwa, uone ametafsiri kutoka lugha gani. Coelho aliandika kwa Kireno, Backman kwa Kiswidi. Msomaji anayewapata kwa Kiingereza tayari yuko hatua moja mbali, na tafsiri iliyotoka kwenye tafsiri iko hatua mbili. Kinachopotea kwanza ni ucheshi. Ove bila ucheshi ni mzee mkorofi tu.

Kitabu cha sauti hufaa riwaya za nafsi ya kwanza kuliko zile zenye wasimulizi watano wanaopokezana. Riwaya ya maneno 90,000, ikisomwa kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, huchukua saa kumi. Ukiongeza kasi hadi mara moja na nusu utaokoa zaidi ya saa tatu, lakini kwenye riwaya za aina hii hasara ni kubwa: vituo vya anayekisoma kwa sauti ndivyo vinavyobeba huzuni, na kasi huvifuta. Bora usikilize dakika arobaini kwa mwendo wa kawaida kuliko saa mbili za mbio.

Na ukitaka kumpa mtu mwingine riwaya ya kutia moyo, usilinganishe shida ya kitabu na shida yake. Aliyefiwa majuzi hahitaji riwaya ya msiba, aliyeachwa hahitaji riwaya ya talaka, hata kama mwisho wake ni mzuri. Atasoma akijilinganisha kila ukurasa, na mhusika akipona sura ya kumi na mbili atajiona amechelewa. Mpe kitabu chenye shida ya aina nyingine, chenye watu wanaofanya kazi za mikono, wanaokula pamoja, wenye maneno ya kuchekesha kidogo, na kisichozidi kurasa 250. Akimaliza na kuomba kingine, hapo ndipo unaweza kumuuliza kama anataka kile cha karibu zaidi na yaliyompata.